Roboti za wanafunzi na akili mnemba: maswali tunayoulizwa kila msimu hapa Lubumbashi

Ukurasa huu ni wa wanafunzi, walimu na wazazi wa Lubumbashi wanaojiandaa kwa mashindano ya roboti ya shule. Maswali haya mengine yameletwa kwa WhatsApp, mengine mlangoni mwa ukumbi, na machache niliulizwa na mzazi mmoja aliyenisimamisha katikati ya soko la mtaa wetu wa Kenya huku amebeba mfuko wa unga. Ninayeandika ni mwalimu wa umeme. Nimefundisha timu, kisha nikawa mwamuzi. Pale ninaposema maoni yangu binafsi nitasema ni yangu.

"Akili mnemba iliyo tayari" ndiyo nini hasa?

Wengine huiita akili bandia, na vijana wetu, kwa mazoea ya Kifaransa, husema IA. Iliyo tayari ni ile ambayo mtu mwingine amekwisha kuifundisha, wewe unaichomeka tu. Kwenye meza zetu inakuja kwa sura mbili. Ya kwanza ni kamera kama HuskyLens ya DFRobot. Ndani ina chipu ya K210, nje ina kioo kidogo na kitufe. Unaielekeza kwenye mpira, unabonyeza, imeshaujua mpira. Kuanzia hapo inaipelekea kadi yako ya Arduino, ile kompyuta ndogo inayoongoza roboti, namba chache tu: kitu kiko wapi kwenye kioo cha nukta 320 kwa 240, upana wake, kimo chake, na ni kitu namba ngapi. Ya pili ni programu za mazungumzo kama ChatGPT, iliyofunguliwa kwa watu wote Novemba 2022. Unaeleza roboti unayoitaka, inakuandikia msimbo mzima, yaani maagizo yote ya kompyuta.

Tafadhali msizichanganye. Ugomvi mwingi tunaousikia ukumbini unaanzia hapo: mmoja analalamikia kamera, mwenzake anajibu kuhusu msimbo.

Kwa neno moja: mnaruhusu au hamruhusu?

Tunaruhusu, ila kifaa kisiifanye ile kazi ambayo siku hiyo tumekuja kuipima. Kama shindano ni la kufuata mstari mweusi, kamera yenye kitufe cha "fuata mstari" haitumiki kwa kazi hiyo. Kama shindano ni la kupanga vitu ghalani na mstari ni njia tu ya kufikia ghala, kamera hiyohiyo ije, itatangazwa kwenye karatasi ya timu, na watoto wataeleza mbele ya mwamuzi inawapa namba gani na wanazifanyia nini.

Kwani kamera ina kosa gani? Mtoto ameinunua, ameifunga, roboti inatembea.

Swali hili naliheshimu, maana nimewahi kuwa upande wa anayeuliza. Msimu mmoja timu niliyoifundisha mwenyewe ilitegemea kamera ya namna hiyo. Tulifanya mazoezi jioni, balbu moja, grupu (jenereta) ikinguruma nje, na roboti ilifuata mstari kama iliyofungwa kamba. Siku ya shindano tulipangwa saa sita mchana, kwenye ukumbi wa mabati yenye nafasi kati ya bati na bati. Jua lilipita humo likachora mistari sakafuni. Roboti yetu ilianza vizuri, ikafika penye kivuli cha nguzo, ikakiona ni mstari, ikakifuata hadi ukutani. Watoto wakabonyeza kitufe, wakaifundisha upya. Ikarudi ukutani. Wakabonyeza tena. Mmoja aligeuka kunitazama, nami sikuwa na neno la kumpa, kwa sababu hata mimi sikujua ndani ya ile kamera kuna nini.

Meza ya jirani walikuwa na kapteri (sensa) tatu za mwanga usioonekana, zile za bei ndogo. Nyeupe inarudisha mwanga mwingi, nyeusi inaumeza, na Arduino Uno inausoma kwa namba kati ya 0 na 1023. Jua liliwasumbua na wao. Lakini msichana mmoja alichana kartoni ya biskuti, akazungushia kapteri zake kivuli, akatazama namba kwenye kompyuta, akabadilisha mpaka wake wa kutenga nyeusi na nyeupe kutoka 512 kuwa 640, akaweka roboti chini. Haikushinda siku ile. Ila ilimaliza njia, na yeye alijua kwa nini imemaliza.

Mtoto asiyejua kifaa chake kinaona nini hana pa kushika kinapokosea. Na roboti hukosea kila siku, hiyo ndiyo kazi yenyewe.

Mbona mashindano makubwa ya dunia yanaruhusu?

Hayana msimamo mmoja. FIRST, shirika la mashindano ya roboti lililoanzishwa na Dean Kamen huko Marekani mwaka 1989, lina mlango mpana. Katika FIRST Tech Challenge, kuanzia msimu uliofunguliwa 2018 waandaaji wenyewe waliweka TensorFlow, akili mnemba ya Google, ndani ya programu wanayozipa timu zote, ili roboti itambue vitu vya uwanjani. Mwaka 2024 waliiondoa, lakini alama za AprilTag, michoro ya miraba inayosomwa na kamera, ambazo mbinu yake ilitoka Chuo Kikuu cha Michigan, zimebaki, na programu ya kuzisoma inakuja tayari. Huko hawampimi mtoto kama anaweza kuandika mwenyewe hesabu ya kusoma alama. Wanampima anachofanya akishajua roboti yake iko wapi.

RoboCupJunior, shindano jingine la dunia, hasa upande wa Rescue (uokoaji), ni wakali zaidi. Kanuni zao zinasema kwamba kifaa cha kununua kilichotengenezwa au kutangazwa mahususi kwa ajili ya kumaliza kazi kuu ya shindano kina hatari kubwa ya kuiondoa timu. Roboti ya Rescue Line inafuata mstari, inakwepa vikwazo, kisha inaokota mipira ya fedha na myeusi inayowakilisha watu wa kuokolewa. Ukinunua kinachofanya hayo, umenunua jibu la mtihani.

World Robot Olympiad, iliyoanza Singapore 2004, ina dawa yake ninayoipenda kuliko zote: asubuhi ya shindano la RoboMission wanatangaza sheria ya mshangao. Kazi inabadilika kidogo, na timu inabadilisha programu palepale. Mtoto aliyeandikiwa na mtu au na mashine anajulikana bila kuulizwa.

Sisi tumechukua kidogo kwa kila mmoja. Timu inayotaka kwenda nje isome kanuni za shindano lake, si za kwetu.

Maktaba za Arduino nazo si kazi ya watu wengine?

Ndiyo, maktaba ni vipande vya msimbo vilivyoandikwa tayari, na zinaruhusiwa. Hakuna anayechimba shaba yake ili atengeneze waya. Tofauti ni kwamba maktaba ya Servo inageuza mkono wa mota hadi nyuzi 90 ulizoagiza, haijui ugeuke lini wala kwa nini. Uamuzi umebaki kwako.

Mtoto akiandikiwa msimbo na ChatGPT mtajuaje?

Hatutumii mashine ya kukamata wadanganyifu. Zile mashine zinakosea, na kumwita mtoto mwongo kwa ushahidi wa aina hiyo ni dhambi. Tunakaa naye. Dakika kumi, roboti mezani, kompyuta wazi.

Nitawapa mfano mmoja. Kijana wa mwaka wa tano alileta programu nzuri mno: maelezo kwenye kila mstari, majina safi, hakuna pa kushika kosa. Roboti yake ilikuwa na magurudumu mawili, na wiki ya mwisho akaongeza mkono wa kunyanyua kopo. Tangu siku hiyo gurudumu la kushoto likakataa kutii mwendo. Akaibadilisha mota. Akaibadilisha betri. Akaiuliza ile programu ya mazungumzo, nayo kila mara ikamwandikia msimbo mpya mzuri kuliko wa jana, na gurudumu likabaki vilevile.

Nikamuuliza: gurudumu la kushoto liko pini gani? Ya 9. Na ulipoongeza mkono uliweka maktaba gani? Servo. Basi ndilo jibu. Kwenye Arduino Uno, maktaba ya Servo inachukua saa ya ndani inayoendesha pini za 9 na 10, na pini hizo haziwezi tena kupunguza au kuongeza mwendo wa mota. Unahamishia waya pini ya 5 au ya 6, unabadilisha namba moja, umemaliza. Aliuhamisha waya mbele yangu. Gurudumu likazunguka polepole, kisha haraka, kama alivyoagiza. Alikaa kimya, akauliza: "Mwalimu, hiyo imeandikwa wapi?" Imeandikwa kwenye ukurasa wa maelezo ya maktaba yenyewe, ambao hakuwahi kuufungua kwa sababu hakuna aliyemwambia upo.

Hatukumfukuza. Alitangaza kwenye karatasi yake kwamba ametumia ChatGPT, kwa hiyo hakudanganya mtu. Alipata alama ndogo upande wa maelezo, na alama kamili kwa kopo alizonyanyua.

Kwa hiyo kumwuliza ChatGPT si kosa?

Si kosa. Kuuliza "kwa nini mota yangu inanguruma bila kuzunguka" ni kama kumwuliza yaya wako, yaani kaka au dada mkubwa, aliyesoma umeme. Tunachotaka ni mambo mawili: andika kwenye daftari la timu uliuliza nini na jibu lilikusaidia wapi, na uweze kubadilisha kitu kwenye msimbo huo mwamuzi akikuomba. Punguza mwendo penye kona. Fanya ipige honi ikifika ghalani. Anayeelewa anapata mstari wa kugusa haraka. Asiyeelewa anashuka na kupanda kwenye skrini kama mtu anayetafuta nyumba ya mgeni gizani.

Na karatasi ya maelezo, inaweza kuandikwa kwa IA?

Hapa nina maoni makali, na ni yangu. Tunapokea karatasi za Kifaransa kilichonyooka, cha kampuni kubwa, zenye maneno ambayo mtoto aliyezileta hawezi kuyatamka. Halafu mtoto huyohuyo, ukimwambia "nieleze kwa Kiswahili", anakuonyesha kwa vidole jinsi kapteri ya kulia ikiona nyeusi mota ya kulia inapunguza mwendo, na roboti inajikunja kurudi njiani. Yote anayajua! Karatasi ndiyo iliyokuwa inamficha.

Nadhani wengi wanakimbilia IA kwa kuogopa Kifaransa, si kwa kutojua roboti. Ndiyo maana mahojiano yetu ni kwa lugha anayoitaka mtoto, hata Kiswahili chetu cha Lubumbashi chenye maneno yake, na karatasi yenye makosa ya herufi haipunguziwi hata alama moja. Ukurasa mmoja ulioandikwa kwa mkono, wenye mchoro wa waya, unatosha.

Shule yetu haina intaneti wala umeme wa uhakika. Mkiruhusu IA, si mnawapa ushindi wenye pesa?

Swali la haki, na ndilo lililotuchukua muda mrefu kuliko yote. Kuuliza programu ya mazungumzo kila siku kunakula mega (data ya simu), na mega zinanunuliwa. Kompyuta inataka umeme, na SNEL, kampuni ya umeme, inakata bila kukuuliza kama umehifadhi kazi. Timu ya mtaa wa Katuba inayofanya mazoezi saa mbili kwa wiki, kwenye kompyuta moja, haiko sawa na timu yenye grupu na mwalimu wa kulipwa.

Lakini kukataza nako kuna upande wake. Timu yenye pesa ikikatazwa IA ina mhandisi wa kuja Jumamosi. Ile ya Katuba ikikatazwa haina mtu. Nimeona shule ambayo simu moja ya mwalimu, yenye mega za siku moja, ndiyo maktaba pekee ya elektroniki waliyonayo. Siwezi kuwanyang'anya hiyo kwa jina la usawa.

FIRST Global, iliyofanya shindano lake la kwanza Washington mwaka 2017 na kukusanya timu za nchi zaidi ya 150, inapeleka sanduku la vifaa vilevile kwa kila nchi. Sisi hatuna uwezo huo. Tunachoweza ni hiki: siku ya shindano hakuna intaneti ukumbini kwa mtu yeyote, kila roboti inaamua kwa kilichomo ndani yake tu, na bei ya vifaa vyote ina mpaka unaotangazwa mwanzoni mwa msimu. Kamera inahesabiwa ndani ya bei hiyo. Ukiichukua, mota zako zitakuwa za kawaida.

Tukifundisha modeli yetu wenyewe, yaani akili mnemba ya kwetu, je?

Leteni! Tena zinapata alama za ziada. Kamera ya HuskyLens inakuja ikijua vitu 20 tu kwa majina: kondoo, sofa, treni, ndege, chupa na vinginevyo. Hakuna malakiti, jiwe la kijani lenye shaba, humo. Tulipoweka kazi ya kutenga mawe ya kijani na mawe ya kawaida, kamera moja ililitazama jiwe zuri la malakiti ikaandika kwamba ni mmea wa kwenye chungu. Walioitengeneza orodha ile hawakuwa na Lubumbashi akilini, na hilo mtoto anatakiwa kuliona kwa macho yake akiwa bado mdogo.

Timu moja ikafundisha ya kwao kwa Teachable Machine ya Google, programu ya kuifundisha mashine kwa picha. Picha 200, nusu za malakiti, nusu za mawe mekundu ya barabarani. Mazoezini ilipatia kila mara. Uwanjani ikaanza kuyaita mawe yote "malakiti". Tulikaa nao kuzitazama picha moja moja, na binti mdogo kuliko wote ndiye aliyeona: malakiti yote yalipigwa picha juu ya meza nyeupe ya mwalimu, kwa sababu yalikuwa ya kuazima na hawakutaka yachafuke, na mawe mekundu yote yalipigwa chini kwenye udongo. Modeli ilijifunza meza. Na sakafu ya uwanja wetu ni nyeupe.

Walipiga picha upya, meza na udongo kwa mawe yote, asubuhi na jioni. Katika miaka yangu ya ualimu sijapata somo la akili mnemba lililo bora kuliko lile, na halikuhitaji kitabu.

Kwa nini mnang'ang'ania sana mtoto aelewe? Dunia nzima inanunua vilivyo tayari.

Kolwezi iko kilomita 300 hivi kutoka hapa. Kobalti inayotoka huko imo ndani ya betri za simu, za kompyuta, na nyingi za roboti hizi. Jiwe linaondoka wazi, linarudi ndani ya boksi lililofungwa. Sitaki mtoto wetu ajifunze roboti kwa namna hiyohiyo, kupokea boksi. Mwaka 2013 wakazi wa Kinshasa walianza kuona roboti za kuongoza magari, zenye paneli za jua, zilizobuniwa na mhandisi Thérèse Izay Kirongozi na wenzake. Hizo zilitengenezwa na watu waliojua kila waya unakwenda wapi.

Baba au mwalimu akisaidia, nako mnakataza?

Mtu mzima anaelekeza, hagusi. Kanuni ni ileile ya mashine: ukimsaidia mtoto kuelewa umefanya vizuri, ukimfanyia umemnyima. Siku ya shindano wazazi wanakaa nyuma ya kamba.

Kamera zenye kutambua nyuso?

Hapana, kwa kundi lolote. Hatuhifadhi sura za watoto wa watu kwenye vifaa vinavyozunguka shule hadi shule.

Wadogo wa msingi nao wanaruhusiwa IA?

Kwa walio chini ya miaka 12, hapana. Wao washike mota, betri na kapteri moja ya kugusa. Bado wana mengi ya kushangaa humo.

Timu ikificha kwamba ilitumia, mnafanyaje?

Inarudiwa kuulizwa mara ya pili na mwamuzi mwingine, mwalimu wao akiwepo, bila watu kutazama. Kama kweli walificha, wanapoteza alama zote za maelezo msimu huo, lakini roboti inaendelea kukimbia. Hatutangazi jina la mtoto ukumbini. Kutumia hakuwapunguzii chochote wakitangaza, kwa hiyo sioni sababu ya kuficha, nami huwaambia hivyo mwanzoni kabisa.

Nimeshanunua kamera na shindano la msimu huu ni la mstari. Pesa yangu imepotea?

Haijapotea. Izime kazi ya kufuata mstari, uitumie kusoma alama za ghalani, hiyo inaruhusiwa msimu huu. Au njoo nayo siku ya mazoezi ya wazi, uje na roboti yako, waya wa USB na kartoni tupu ya biskuti. Kaa mahali jua linapopita, washa kioo chake, sogeza mkono wako ufanye kivuli, uandike kila namba inayobadilika. Mimi nitakuwa meza ya mwisho, karibu na dirisha.